Mtaa wa Kumlaza Mzee Dauda

Haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa cherehani yangu iliyonilisha miaka thelathini na minane: likipatikana hapa neno moja la uongo, sindano inichome kidole. Msiyatazame matundu yaliyopo. Hayo ni ya kazi.

Mwaka wa hamsini na saba nilikuwa fundi wa nguo Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, kijana mwenye sura nzuri, na hilo nalo ni kweli. Nilikuwa nimemposa Saidati. Baba yake alishafariki, kwa hiyo jibu lilikuwa kwa baba yake mkubwa, Mzee Dauda wa Usumbura, Bujumbura ya leo. Mzee akatuma habari: anakuja siku tatu, hataki kulala kwa ndugu zake wasije wakamjaza maneno, na mimi nimchagulie mtaa wa kufikia.

Heshima kubwa hiyo. Ila kwetu mposaji haulizwi habari zake mwenyewe, wanaulizwa majirani. Mtaa atakaolala mzee, huo ndio utakaosema kama napewa mke au napewa pole.

Mbugangari hapakufaa. Majirani zangu walikuwa watu wazuri sana, wenye kasoro moja tu: walinijua. Kwenye mitende na majumba ya Wazungu hapakuwa na la kujadili, mtu wetu alilala huko akiwa mpishi, tena akikohoa kwa adabu. Chini, mto Sebeya unapoingia ziwa Kivu, kulikuwa na nyumba safi za wavuvi. Lakini huko aliishi Mukamazimpaka, muuza samaki, ambaye tangu Pasaka alikuwa akinidai gauni. Kitenge chake cha maua mekundu nilimwambia kimeliwa na mbuzi wa kijiji cha Kanama. Mbuzi mwenye ndevu. Ndevu niliziongeza ili aamini.

Kikabaki kilima cha Rubavu. Huko juu aliishi Eliezer, mkulima wa viazi, aliyesema maneno manne kwa wiki, mawili yakiwa salamu. Huyo sasa ndiye jirani wa kuulizwa habari za mtu!

Siku ya siku nikasimama sokoni, kwapani nina zawadi ya mgeni: mto wa kichwa, mpya, nilioushona kwa mikono yangu. Mzee Dauda akateremka kwenye kamyo la mizigo, mzito, kofia nyeupe, bakora mkononi. Nikadhani bakora ni ya heshima.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Donc, nitalala wapi?”

“Kule juu, mzee. Hewa ya Ulaya kabisa. Wazungu wanapanda kila Jumapili kuinywa.”

Akakitazama kilima. Akalitazama goti lake. “Na kule chini, kwenye maji?”

“Ziwani? Astaghfirullah! Usiku viboko wanatoka, wanabisha hodi. Mwezi uliopita mmoja aliingia kwa mvuvi akala kitanda.”

Viboko niliwachagua kwa akili. Mtu wa Usumbura anawafahamu, kwao wanatoka ziwani na kumaliza mboga za watu. Ningesema simba, angecheka.

Uso wa mzee ukang'aa. “Viboko! Alhamdulillahi! Hili goti, mwanangu, mwaka wa pili natafuta mafuta ya kiboko ya kulipaka. Kwetu kiboko ni wa serikali, ukimugusa unalala gereza. Bon, twende ziwani. Mi nitalala hapo hapo.”

“Lakini mzee, wanauma…”

“Mi nimekua nao. Beba muzigo.”

Njia nzima nilimwomba Mungu kiboko. Mmoja tu, hata mdogo, hata mgonjwa.

Tulipofika ufukweni, kati ya watu wote wa Gisenyi tukakutana na nani? Mukamazimpaka, kapu la samaki kichwani.

“Mama, jambo,” akasema Mzee Dauda. “Viboko wanatoka upande gani?”

“Ngo iki? Viboko?” Akatua kapu, maana kicheko kile hakikuwezekana na mzigo. “Ayiwee! Mi nimezaliwa hapa, mama yangu amezaliwa hapa. Kivu haina kiboko, haina mamba, iko maji na samaki basi! Nani amekudanganya hivi, mzee wangu?”

Bakora ikaninyookea.

“Aaa, huyu! Fundi wa mbuzi!” Kisha macho yake yakashuka kwapani mwangu, kwenye maua mekundu. “Na huo muto, fundi? Mbuzi wako alitapika?”

Mzee Dauda akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akamwomba mama aeleze. Mama alieleza mpaka adhuhuri. Hata mambo niliyoyasahau aliyahifadhi vizuri.

“Bon,” mzee akasema mwishowe. “Nilikuja kuuliza majirani, nimepata mumoja anatosha. Saidati sikunyimi. Mutu anayejaza ziwa zima viboko kwa ajili ya mwanamuke, anamutaka kweli. Lakini huyu mama atavaa gauni yake siku ya harusi, ama harusi haiko. Mi nitalala hapa kwake na bwana yake, nione unavyoshona.”

Nikaleta cherehani barazani kwa Mukamazimpaka, nikaufumua mto wa kichwa mbele ya macho yao. Kitambaa hakikutosha. Kilichobaki nilishakigeuza vilemba, na muda huo kilikuwa juu ya vichwa vitatu huko Cyanzarwe. Nyumbani nilikuwa na nguo moja tu ya kukata.

Siku ya harusi Mukamazimpaka alikuja na gauni la maua mekundu lenye mikono mirefu myeupe, yenye darizi ya kupendeza. Bwana harusi aliingia na kanzu iliyoishia magotini.

“Fundi, kanzu imefanya nini?” wakauliza watu wa Mbugangari nzima.

“Ni mbuzi mmoja…” nikaanza.

Bakora ikagonga sakafu.

“Nimeikata mwenyewe,” nikasema.