Taulo Iliyoajiriwa

Saa moja asubuhi Shangazi aligawa taulo za jana kwenye mabeseni matatu: za njano, zinazofuta bodi ya gari, za buluu, zinazofuta vioo, na za kijivu, zinazofuta rimu za magurudumu na ambazo hazina marafiki. Hazichanganywi. Taulo ya maikrofaiba ina makuu kama mgeni wa harusi: haitaki maji ya moto, haitaki sabuni yenye manukato, haitaki kulala pamoja na vitambaa vya pamba. Ikianguka chini mara moja tu, haipandi tena kwenye bodi. Inashushwa cheo, inakwenda rimu.

Pale kwenye karakana ya kung'arisha magari wote walimwita Shangazi, hata meneja aliyemzidi umri. Kazi yake ilikuwa kufua taulo na kuzikagua. Zikikauka, aliinua kila moja mbele ya taa, kisha akaipitisha polepole juu ya mdomo wa chini, mbele na nyuma. Mdomo huhisi chembe ya mchanga ambayo jicho halioni, na chembe moja yatosha kuchora mstari kwenye boneti nyeusi. Wengine hukagua kwa vidole. Vidole vya Shangazi viliacha kuleta habari tangu mwaka wa tatu wa kazi, kwa sababu ya dawa ya rimu inayobaki ndani ya taulo za kijivu. Dawa hiyo hula kutu. Ikikosa kutu, hula kilichopo.

Glavu aliomba mara nne. Mtunza stoo alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na fomu.

"Glavu ni za wanaogusa magari, Shangazi. Wewe unagusa taulo."

"Na taulo inagusa nini?"

"Gari. Lakini fomu haijaiuliza taulo."

Basi viganja vikapasuka kama soli ya kiatu cha mwaka juzi. Nyumbani aliishi na binti yake na mjukuu wa miezi miwili. Jioni moja alimwogesha mtoto, mtoto akapiga kelele, na mgongoni pakabaki mistari mitano myekundu. Binti akampokea mtoto taratibu, bila kumtazama mama yake usoni.

"Mama, usinielewe vibaya. Mpaka mikono ipone."

Tangu hapo Shangazi alimsalimia mjukuu kwa mdomo tu, kama anavyosalimia taulo. Kila alipoamka alikuwa na haja moja duniani: mikono ipone, amwogeshe mtoto kabla hajawa mkubwa wa kuoga mwenyewe.

Mwezi huohuo karakana ilifunga mlangoni mashine ya kusoma alama za vidole. Ilimkaribisha kila mtu kwa sauti ya mwanamke aliyelala vizuri. Shangazi akaweka dole gumba.

"Hayupo," ilisema mashine.

Akaweka vidole vingine tisa, kimoja kimoja. Hayupo, mara tisa.

Nyuma yake alisimama fundi wa kupiga polishi, aliyeitwa Kioo kwa ajili ya kipara chake. "Shangazi, umekufa lini bila kutuambia? Si tungekuja kukuzika?"

"Sikupata nafasi," alisema Shangazi. "Taulo zilikuwa nyingi."

Meneja alisema kazi iendelee wakati suala linashughulikiwa. Saa nne, Shangazi akikagua taulo za njano, mdomo wake ulipita juu ya kitu. Haikuwa mchanga. Ilikuwa mistari myembamba iliyojizungusha. Aliinua taulo kwenye taa. Pembeni palikuwa na alama ya dole gumba lake la kulia, pamoja na kovu dogo aliloachiwa na kopo alipokuwa msichana. Vidole vinne vilifuata kwa mpangilio, na upande wa pili vilikuwapo vitano vya kushoto. Kumbe vilihama tu.

Kwa kuwa taulo yenye alama hairuhusiwi kutoka, aliifua tena, mara tatu. Alama zikazidi kukolea. Hapo akaipeleka mlangoni na kuibandika kwenye kioo cha mashine.

"Karibu kazini," ilisema mashine. "Umechelewa kwa saa nne."

"Haina haya mashine hii," alisema Kioo. "Mtu anafufuka, inamhesabia muda."

Meneja alifurahi, akaandika kwamba tatizo limekwisha. Kuanzia siku hiyo taulo iliingia kazini asubuhi na kutoka jioni, na haikukosa hata siku moja. Shangazi naye, kwa kuwa mashine haikumjua, alijiandikisha kwenye daftari la wageni. Palipoandikwa "Umekuja kumwona nani", alijaza: taulo.

Wiki ya pili viganja vilianza kutoa damu, akaenda zahanati ya wafanyakazi. Kule nako kulikuwa na mashine kama ile. Taulo ikatambuliwa mara moja. Muuguzi akaitandika kwenye kiti cha mgonjwa na kumwomba Shangazi akae kwenye benchi la wasindikizaji. Aliipima kila pembe, akaigeuza, akaandika: ngozi laini, haina mpasuko, anafaa kwa kazi.

"Binti yangu, inayouma ni hii hapa," alisema Shangazi, akainyoosha mikono yake.

Muuguzi aliitazama kwa huruma ya kweli. "Naiona, mama. Pole sana. Lakini hiyo haimo kwenye mfumo. Nikiitia dawa, nitaandika nimemtibu nani?"

Shangazi akashukuru, akaikunja taulo, wakarudi kazini wote wawili.

Ni Kioo aliyepata wazo, akiwa anatania, maana yeye akili yake hufanya kazi akiwa anacheka tu. "Shangazi, hii taulo si mfanyakazi? Na kila siku si inagusa gari? Basi glavu ni haki yake. Iombee."

Aliiombea. Kwenye fomu, palipoulizwa "Je, mfanyakazi anagusa magari?", alijaza: ndiyo. Kwenye sahihi aliibandika taulo yenyewe. Siku ya tano glavu zikatoka, jozi moja, za mpira mzito, ndefu hadi kwenye viwiko. Shangazi alizitazama kwenye meza ya stoo, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akahesabu siku: wiki tatu za glavu, ngozi irudi, wiki ya nne, mtoto majini.

"Nipe nikajaribu," alisema.

Mtunza stoo alizirudisha upande wake. "Shangazi, mimi nakupenda. Ila glavu haziazimwi, zina mwenyewe. Na wewe unajua, asiyekuwepo na lake halipo."

"Mimi si nipo hapa mbele yako?"

"Naona upo," alisema mtunza stoo. "Tatizo naona mimi peke yangu."

Jioni binti alikuwa akimfuta mtoto maji. "Glavu zimetoka, mama?"

"Zimetoka."

"Mbona hukuja nazo?"

"Si zangu. Ni za taulo."

Binti alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. "Basi kesho nikimwogesha, nishikie mtungi wa maji tu," alisema. "Ushike pale nilipozungushia kitambaa, usimguse mtoto."

Asubuhi iliyofuata meneja alishuka mwenyewe hadi kwenye beseni. Alikuwa amesoma taarifa ya zahanati na alitaka mambo yaende kwa utaratibu. Mfanyakazi, alisema, asikaribie dawa ya rimu hata tone. Afuliwe peke yake, kwa maji safi ya vuguvugu, na asianikwe juani. Mtunza stoo alipigilia msumari ukutani, mbali na maji yanayoruka, akaitundika taulo ya njano, ncha moja ndani ya glavu ya kulia na nyingine ndani ya ya kushoto. Glavu zilikuwa kubwa kidogo. Meneja akaahidi kuagiza saizi ndogo.

"Imekaa vizuri?" aliuliza.

Shangazi akasogea, akapitisha mdomo wa chini juu ya taulo, mbele na nyuma, kama kazi inavyotaka. Haikuwa na chembe.

"Imekaa," alisema.

Kisha akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti mbele ya beseni la kijivu, kwa sababu zilikuwa zimebaki taulo themanini na magari ya saa sita yalikuwa yameanza kuingia.