Ufunguo Aliotuma Mwanangu

Hospitali walituambia faili la marehemu mke wangu limepotea. Mafaili yanapotea, wakubwa hawapotei hata siku moja. Malalamiko yetu yalikuwa yasikilizwe Alhamisi, na vithibitisho vyetu vilikuwa vimetawanyika kwenye simu za watoto. Binti yangu, fundi kompyuta, akasema tuviweke pamoja kwenye seva yetu wenyewe, yaani kompyuta moja ya kuhifadhia ambayo wote tunaifikia kwa mtandao.

Jumanne asubuhi akaleta kompyuta kuukuu, akaiweka juu ya cherehani ya mama yake, akafuta vilivyokuwamo, akapandisha Linux, mfumo wa kuiendesha. Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hiyo akanieleza polepole. Njia ya kuingia kwa neno la siri ameifunga, maana mtu anaweza kukaa huko akibahatisha mpaka apatie. Kila mmoja wetu atengeneze ufunguo wenye nusu mbili. Nusu ya wazi atutumie tuiweke kwenye seva. Nusu ya siri abaki nayo, asimpe mtu.

Nikamwambia sawa, ila kaka yako haingii.

Kaka yake ni karani wa hospitali ileile. Tangu tulipozika nilikuwa simpi hata salamu iliyokamilika. Anakula mkate wa wakubwa. Tukimfungulia leo, kesho karatasi zetu ziko mezani kwao. Binti akanikumbusha kwamba kaka yake ndiye aliyepiga picha kurasa zote arobaini kabla faili halijatoweka. Alishajaribu kuzituma kwa simu, zikafika zimefifia, hazisomeki. Bila hizo Alhamisi tungeenda kupigwa na jua tu.

"Baba, unamwogopa mwanao kuliko wao?"

"Wao nawajua, mwanangu."

Kumbe alikuwa ameshamwomba ufunguo. Simu ikalia, akasoma ujumbe, akacheka.

"Bwege huyu. Katuma nusu ya siri."

Nikauliza kuna ubaya gani. Akasema mwenye nusu hiyo anaweza kuingia akajifanya kaka, akaharibu, na lawama zikamwangukia kaka. Nikaiangalia: mistari ya herufi zisizo na kichwa wala miguu. Miezi saba namwita kibaraka, naye ameniwekea shingo yake mkononi bila kuuliza nitaifanyia nini.

"Mwambie hiyo aitupe, atengeneze nyingine," nikasema. "Safari hii atume ile ya wazi. Siri yake akae nayo."

"Nimruhusu kusoma tu?"

"Na kuweka."

"Na kufuta?"

Nikaitazama ile cherehani.

"Kufuta usimpe mtu. Hata mimi."

Baada ya chakula cha mchana kurasa zikaanza kuingia moja moja, safi, zinasomeka. Ya tatu ilikuwa na jina la mama yao kamili, na chini yake saini ya daktari aliyeniambia usoni kwamba hajawahi kumwona.