Barua ya Mwenye Gari

…na bado anahesabu, kumi na saba, kumi na nane, utadhani pampu ya mguu haisukumi upepo mpaka isikie sauti yake, Mheshimiwa, ndivyo anavyomwita mumewe moyoni, amesimama kando ya tairi la akiba analolijaza, na shati lake la likizo lenye maua, "Mama, hakikisha kila kitu kwenye orodha, pale mpakani hawana mchezo," na yeye mkewe yupo nyuma ya gari, buti wazi, orodha mkononi, kizimamoto kipo, pembetatu mbili zipo, bima ya nchi ya pili ipo, kadi ya gari ipo… kadi, jina la Mheshimiwa kwa herufi kubwa, limekaa pale lilipokuwa jina la baba, maana gari hili ni la baba, humu ndimo baba alimomfundishia kuachia klachi, "taratibu mwanangu, gari halikukimbii," na baada ya msiba wa baba mume akajifanya ana huruma, mke wangu usihangaike na foleni, nipe karatasi nikakubadilishie jina, akarudi jioni na jina lake mwenyewe, akacheka, kwani si letu sote?, na yeye mjinga akamwandalia chakula… ishirini na tisa, thelathini… na hilo gari lake hawezi hata kulitoa getini, leseni imeisha mwaka wa pili huu, kupimwa macho anaona aibu, kwa hiyo dereva ni mke, kilomita mia tisa, naye pembeni kazi yake punguza, ongeza, umemwona yule?, "Barua umeiona? Yule wa bima kasema dereva asiye mwenye gari lazima awe nayo," ameiona, mhuri wa wakili huu hapa, namruhusu mke wangu kuendesha gari langu, langu!, anamchukia, heri aliseme hivyo hivyo hata kama ni moyoni, anamchukia yeye na maua yake, anauchukia mguu ule unaopanda na kushuka, aichane barua hii sasa hivi, safari ife, abaki na orodha yake… "Isome vizuri, sikubahatisha, nimenakili ya jirani yetu wa lori, neno kwa neno," neno kwa neno, haya, anasoma, kuendesha gari langu na kulitoa nje ya nchi, kwa mpaka wowote, kwa muda wa miezi mitatu, niwepo au nisiwepo… anarudi nyuma, anasoma tena, niwepo au nisiwepo, ni maneno ya mwenye lori, mtu anayebaki nyumbani dereva akienda, na chini yake saini ya Mheshimiwa, ile yenye mkia mrefu, tarehe ya jana, na ile hamu ya kuichana barua imemtoka… arobaini na nne, "Mama, iko sawa?", "Iko sawa kabisa," anaikunja, anaitia kwenye mkoba wake badala ya ile bahasha ya safari, funguo zimo humo humo, begi lake limo kwenye buti tangu asubuhi na la mume bado liko ndani kitandani, halijafungwa, linasubiri soksi, arobaini na tano, arobaini na sita, mguu unapanda, mguu unashuka, jasho linamtoka Mheshimiwa, na yeye hana haraka, amsubiri tu amalize kujaza, alirudishe tairi mahali pake, kilomita mia tisa si mchezo.