Nani Anafumua Nguo?

Jirani yangu wa ukuta mmoja, fundi cherehani, alikuwa na mhalifu ndani ya nyumba. Haibi kitambaa, haibi nguo. Anafumua. Leo sare ya shule imeachia kwapani, kesho fundi anaishona, keshokutwa iko wazi tena.

"Ni Kimya," fundi aliniambia, pini mdomoni. "Ana kinyongo na mimi yule."

Fundi ana mabinti pacha. Mmoja tunamwita Redio maana hazimiki, mwingine Kimya. Sare zao huzikata pamoja, kitambaa amekikunja, mkasi mmoja, kipimo kimoja, cha Redio, kwa sababu Redio hujileta mwenyewe na kujigeuzageuza mbele ya futi. Pacha ni pacha, husema fundi, nipime mara mbili nina wazimu?

Mimi nasuka nywele chumba cha pili, na kwangu watu hawakosekani, kwa hiyo kesi ilisikilizwa huko.

"Wapole ndio wa kuogopa," alisema mteja mmoja, kichwa nusu kimesukwa. "Anakutazama, hasemi. Anapanga nini?"

Fundi akawaita wote wawili, bega kwa bega, kama kawaida yake.

"Nani anafumua?"

"Sio sisi, mama," Redio akajibia wawili. Kimya akatazama sakafu. Sisi wakubwa tukatazamana.

Kesho yake gauni la mteja mmoja wa fundi likakutwa limefumuliwa kwapani. Fundi akampigia shangazi yao simu: njoo umchukue Kimya ukae naye, huenda akanyooka. Begi likafungwa, likawekwa mlangoni.

Mchana, tukimngoja shangazi, fundi akamtuma Redio uzi dukani, kisha akaniita kwa kidole. Tukajibanza nyuma ya pazia la kujaribia nguo, mimi na kitana changu mkononi. Kimya akaingia. Akautazama mlango. Akachukua mkasi mdogo na sare yake, akafumua kwapani.

"Si nilikwambia," fundi akaninong'oneza.

Lakini mtoto akatoa kipande cha kitambaa kilichokatwa kama jani, akakipachika kwenye uwazi ule, akaanza kushona kwa mkono. Kila mara alichungulia gauni la mteja lililotundikwa. Pale lilipofumuliwa, palikuwa na kipande kama hicho, alichokitia fundi mwenyewe alipolipanua.

Fundi akafungua pazia. "Unafanya nini?"

Kimya akaficha sindano. Fundi akafungua kinywa aulize tena, nikambana mkono. Tukangoja, na kungoja si kazi yangu.

"Mkono unanibana, mama," akasema mwishowe. "Nikiunyoosha darasani nijibu, unanikaba. Nikifumua, unashona. Nilitaka kuona la mteja umelipanuaje."

"Mbona hukusema nilipouliza?"

"Ulituuliza wote."

Fundi akavua futi shingoni. Akapima bega, akapima tena, kama anayehisi futi inamdanganya. Kimya alimzidi mwenzake vidole vitatu.

Redio akaingia na uzi. "Mama, yeye hapendi sare za—"

"Sijakuuliza wewe. Zamu yako itafika, na yako peke yako."

Shangazi naye akabisha, akainama kushika begi. "Ndilo hili?"

"Liache hapo, wifi, ukae," fundi akasema, bila kugeuka. "Bado napima." Akamgusa Kimya kiwiko. "Nyoosha mkono juu, kama darasani. Ni huku unakokubana? Sema mwenyewe."