Vidonge Vya Asubuhi

Fundi kufuli alikuwa na binti mmoja wa miaka saba, ambaye nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mtoto huyo alikuwa amevunjika mara nne. Mara ya kwanza mkono, alipojikwaa kizingitini. Mara ya pili mguu, akishuka kitandani. Mara ya tatu mguu uleule, alipoteleza kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki.

Hiyo mara ya tatu ndiyo iliyomtia baba yake kinyongo. Hospitalini walimwomba yeye na mkewe wasubiri nje, mtoto akabaki chumbani na mama mmoja wa ustawi wa jamii. Fundi aliisikia sauti ya yule mama ikipenya mlangoni: "Baba akikasirika nyumbani, hufanyaje?"

Alipovunjika mara ya nne ndipo daktari wa mifupa akasema mtoto amezaliwa na mifupa dhaifu, wala hakuna mtu aliyempiga. Lakini hakuna aliyewaomba radhi. Na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwa hiyo muuguzi wa wodi ya watoto alipowakalisha kuwaeleza habari ya dawa ya kuimarisha mifupa, fundi alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Dawa itaingia mshipani kwa dripu, muuguzi alisema, na itarudiwa kila baada ya miezi sita. Haiondoi ugonjwa, ila inaufanya mfupa usiliwe haraka. Kwanza damu ipimwe, na daktari wa meno amwangalie mtoto.

"Meno na mguu vinahusiana nini?" fundi aliuliza.

"Dawa inakaa mfupani muda mrefu, baba, na taya nalo ni mfupa. Kama kuna jino bovu, tulishughulikie kabla."

Mkewe alikuwa akiandika kila neno kwenye daftari. Muuguzi akasukuma mezani bahasha ya vidonge vyeupe. "Hivi ni kalsiamu na vitamini D. Kila asubuhi kwa wiki mbili kabla ya dripu, na baada yake pia. Msivipuuze. Dawa ikiingia, inaibakiza kalsiamu mfupani. Kama mwilini hakuna akiba, damu itapungukiwa na mtoto ataumia."

"Mbona havina boksi lake?"

"Tunagawa kutoka kwenye kopo kubwa."

Moyoni fundi alishaandika jibu hilo kwa wino mwekundu.

Kesho yake alipeleka karatasi ya maelekezo kwa muuza dawa, jirani wa kibanda chake cha kazi. Muuza dawa alisoma jina, akacheka puani. "Hii? Hii si ya vikongwe wanaovunjika nyonga? Na wagonjwa wa saratani. Kwa mtoto mdogo… labda wanajaribu."

Wanajaribu. Neno hilo lilimganda kama kupe. Fundi hakumwambia mkewe, maana alijua atamjibu nini. Mkewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate na aliondoka nyumbani alfajiri, hivyo kumpa mtoto vidonge ilikuwa kazi ya baba. Asubuhi ya kwanza alikishika kidonge kiganjani, akakinusa, akakigeuza. Kisha akakitia kwenye mkebe wa springi kuukuu za kufuli.

"Sinywi?" Chiriku aliuliza.

"Hunywi. Ila usimwambie mama. Iwe siri yetu."

Siku kumi na nne ziliisha hivyo. Kila jioni mkewe aliuliza, "Amemeza?" na kila jioni alijibu, "Amemeza." Dripu yenyewe hakuweza kuizuia, mkewe alikuwa ameshikilia kama ruba. Basi akajiliwaza kwamba angalau amemwepusha mtoto na nusu ya balaa.

Siku ya dripu alidai asome lebo ya dawa. Muuguzi akampa bila kusita. Akasoma jina, akasoma tarehe, akarudia.

"Ukimaliza nirudishie," muuguzi alisema. "Nami nitaisoma tena na mwenzangu. Ndio utaratibu."

Hata upole huo ulimtia wasiwasi. Mtu anayekufungulia mlango upesi hivyo, dirishani anaficha nini? Alikaa kando ya kitanda akihesabu matone, huku Chiriku akimsimulia muuguzi habari za paka wa jirani tangu mwanzo hadi mwisho, kisha tangu mwanzo tena.

Kesho yake, Ijumaa, kabla mkewe hajaenda kazini, mtoto akaamka na homa, anaumwa mwili mzima.

"Si nilisema!" fundi alifoka.

"Na wao walisema," mkewe alijibu, akifungua daftari. "Mara ya kwanza homa huja, hupita siku mbili tatu. Tumpe dawa ya homa na maji mengi."

"Walisema, walisema! Mwizi akikuarifu kwamba anakuja, basi si mwizi?"

Mkewe akaenda kuleta maji. Jioni homa ikashuka.

Jumamosi asubuhi mkewe hakuwa na zamu, wakawa mezani wote watatu. Chiriku aliacha kunywa chai, jambo ambalo si la ajabu. Ajabu ni kwamba aliacha pia kuongea. Akajigusa midomo.

"Mama, kuna sisimizi wanatembea hapa. Na vidole vyangu vinajikunja vyenyewe."

Mama yake alishalifungua daftari kabla hajamaliza. Ganzi mdomoni, vidole kukaza: piga simu hapohapo. Akapiga. Muuguzi akasema mleteni sasa hivi. Ndani ya teksi mkewe alimpakata mtoto na kuvinyoosha vile vidole kimoja kimoja, navyo vikajikunja tena. Fundi alikaa mbele, macho barabarani. Tangu aliposikia neno sisimizi, jambo moja tu lilikuwa kichwani mwake: akiba.

Hospitalini walitoa damu, wakamwekea mtoto nyaya kifuani kuangalia mapigo ya moyo. Majibu yalipokuja, muuguzi alisimama mbele yao na karatasi mkononi.

"Kalsiamu imeshuka sana. Siulizi kwa ubaya: vidonge alikuwa anameza?"

"Vyote," mama alisema.

"Kila siku? Nani alikuwa anampa?"

Hapo mkewe akainuka. "Mnaanza tena? Mara ile mlituona wapiga watoto, leo mnatuona nini? Anampa mume wangu, na mume wangu si mwongo!"

Chiriku, amelala na nyaya zake, alimtazama baba yake. Alikuwa ameambiwa ni siri, naye alikuwa anaitunza.

"Hakumeza hata kimoja," fundi alisema. "Viko kwangu, kwenye mkebe."

Mkewe aligeuka polepole. Fundi angependelea kofi kuliko macho yale.

Muuguzi hakumkemea, alikwenda haraka kumwambia daktari. Wakamtundikia mtoto dripu ya kalsiamu, ikaingia taratibu, na baada ya saa moja hivi vidole vikafunguka. Chiriku akaomba maji, kisha akauliza kama nyaya zile zinaweza kusikia anachokiwaza.

Muuguzi alimkuta fundi koridoni. "Nitaandika yote yaliyotokea. Na yule mama wa ustawi wa jamii atakuja kuzungumza nanyi. Sitakuficha."

"Safari hii ana haki," fundi alisema. Kisha: "Niliambiwa ni dawa ya vikongwe."

"Vikongwe wanapewa, ni kweli. Na watoto wenye mifupa kama yake wanapewa, kwa kipimo chao. Ungeniuliza ningekwambia."

"Nisingekuamini."

"Najua. Lakini ungeuliza."

Mkewe aliomba kazini zamu ya mchana. Tangu siku hiyo vidonge alitoa yeye, na bahasha aliificha mahali ambapo fundi hakuoneshwa. Mtu wa kufuli hangeshindwa kupatafuta. Hakupatafuta.

Miezi sita ilipita bila kuvunjika mfupa, isipokuwa kidole kimoja cha mguu. Siku ya dripu ya pili, mkewe alikuwa ndani, mtoto akipimwa uzito. Fundi alikaa nje kwenye benchi, karibu na baba mwingine aliyemshika mwanawe magotini na kuikunjakunja karatasi ya maelekezo.

"Samahani, kaka," yule baba alinong'ona. "Hii dawa umeiamini?"

Fundi alifikiri. "Mimi sikuiamini. Nikamficha mtoto vidonge vyake, akakakamaa vidole mbele ya macho yangu. Ukiwa na shaka, ingia umuulize yule muuguzi. Muulize hata mara kumi, hachoki."

Yule baba alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Na wewe wanakulipa uje kutuambia hivi?"

Akambeba mwanawe, akahamia benchi la mwisho.

Fundi alimwacha akae kidogo. Kisha akainuka, akamfuata.