Kilo Sitini na Nane

Asubuhi mawingu yalipofunguka, baada ya siku nne bila ndege, Gerawat alimpandisha mkewe kwenye mizani ya uwanja wa ndege. Huku milimani abiria hupimwa pamoja na mizigo yake, maana ndege yenyewe ina viti kumi na tisa tu.

"Sitini na nane," alisoma.

"Mwongo! Nimenenepa hivyo?" Sigang alicheka, kisha akashika kiuno na kuuma mdomo. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Nesi wa zahanati alikuwa ameandika barua: afike hospitali ya pwani leo, akizalia hapa huenda tukawazika wote wawili. Barabara ya kwenda pwani ilikuwa imekatwa na mvua.

"Usihofu, mwanangu," jirani yao, Mama Bulan, alimwambia. "Mumeo ndiye mwenye uwanja."

Mwenye uwanja, kweli! Gerawat alikuwa karani wa abiria tu, ameajiriwa na kampuni tanzu kwa mkataba wa miezi sita sita. Shati lake lilikuwa na nembo ya shirika kubwa la ndege la taifa. Mshahara wa shirika hilo aliusikia kwa watu tu.

Ndipo akaingia Bwana Hashrul, meneja kutoka shirika kubwa, aliyekuja kukagua huduma akanaswa na mawingu. Dereva wake alimshushia magunia matatu ya mchele wa huku, jumla kilo sitini na tano.

"Bwana, uzito umeshajaa," Gerawat alisema. "Labda mchele usubiri safari ijayo."

"Mchele wa mkurugenzi usubiri? Punguza abiria."

"Aliyebaki bila kupandishwa ni huyu, bwana. Ni mgonjwa. Ni mke wangu."

"Kumbe! Unajaza ndege ndugu zako?" Meneja alitabasamu. "Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwezi huu, bwana."

"Basi fanya kazi yako."

"Loo! Mchele una haki kuliko mtu?" Mama Bulan alifoka. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga. Sijui kama walimfikiria wa kupisha na tumbo la miezi tisa.

Masikio yalimwaka Gerawat kwa fedheha. Akikataa, mwingine angelifuta jina lilelile, na yeye angebaki bila kazi, mtoto bila bima. Akaanza kuandika: abiria ameshushwa kwa sababu ya uzito.

"Siyo hivyo," Hashrul alimwinamia. "Mgonjwa hashushwi, kanuni zinakataza. Andika hakufika uwanjani."

"Lakini huyo hapo, bwana."

"Andika."

Akaandika. Kwa kanuni hizohizo, asiyefika hupelekwa mwisho wa orodha. Kompyuta ikampa Sigang kiti cha baada ya siku kumi na moja.

Magunia yalipofungwa mkanda, rubani aliuliza kwa redio: yule mgonjwa wa hospitali yuko wapi?

Sigang alikuwa ameegemea mlango. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka, sketi imelowa, na alikuwa akimtazama mumewe. Gerawat alibonyeza kitufe cha redio.

"Hakufika," alisema.