Anayevuta Zaidi

Kosa lilikuwa langu, tena la neno moja. Miaka ishirini natafiti vumbi, kelele na moshi kwenye sehemu za kazi, stashahada yangu inaning'inia ukutani, halafu nasimama mbele ya mafundi watano wa karakana ya mbao na kuwaambia, "Jamani, kifaa hiki kitaonyesha kila mtu anavuta kiasi gani."

Nilimaanisha vumbi. Kuna mmoja akasikia sigara.

Sikushtuka. Nikawafunga pampu ndogo kiunoni, mpira ukapanda mgongoni hadi kwenye kola, na pale kwenye kola kikakaa kichujio, kikaratasi cheupe cha duara. Mtu anakivaa kutwa nzima, jioni nakipima kwenye mizani. Wa mwisho kufungwa alikuwa shemeji yangu, mume wa dada, mwenye msumeno mkubwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Aliniangalia kama mbuzi aliyeona mgeni kaingia na kisu.

Yeye ndiye aliyenileta pale bila kujua. Dada alikuwa kanipigia simu: mumewe akianza kukohoa alfajiri, watoto wanadhani jirani anawasha pikipiki. Nikamfuata bosi wa karakana. Bosi hana maneno mengi.

"Nakupa siku mbili," akasema. "Nitaamini kipimo cha mtu wa msumeno mkubwa, wengine wako dirishani, vumbi la barabarani linawafikia. Vumbi likizidi kiwango, nanunua mashine ya kulinyonya. Lisipozidi, tusisumbuane tena."

Jioni ya siku ya kwanza, vichujio vya wale wanne vilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Cha shemeji kilikuwa cheupe kama shuka la hoteli.

Asubuhi nikamvuta nyuma ya rundo la mbao.

"Shemeji, hongera."

"Ya nini?"

"Mashine inasema jana hukuvuta kabisa."

Uso ukamng'aa. "Si nilisema? Mimi niliacha tangu mwaka jana. Mwambie dada yako."

"Nitamwambia, ila sijui nianzie wapi. Hukuvuta hata hewa. Kwa vipimo vyangu, shemeji, wewe ni marehemu tangu jana asubuhi."

"Acha utani wako."

"Pampu uliiweka wapi?"

Akakuna shingo. "Kabatini."

"Kabati gani?"

"Lile la mteja, la milango mitatu. Nikafunga na ufunguo."

Hapo yakamtoka yote. Anavuta mbili tatu kwa siku, hapo hapo tulipokuwa tumesimama, na alishamwapia dada kwamba ameacha.

"Sasa shemeji yako anakuja kazini na mashine," akasema, "anatangaza ataonyesha nani anavuta. Wewe ungefikiri nini? Nikajua ukoo mzima umekaa kikao."

"Inapima vumbi."

"Si ungesema vumbi?"

Hapo alinishinda. Nikamfunga pampu upya, kisha nikampa habari mbaya. "Kichujio hakichagui. Ukivuta sigara, moshi nao unaingia humo, na bosi atasema nimempimia sigara, sio mbao zake. Kwa hiyo leo, hapana."

"Hata moja?"

"Hata nusu."

"Mpaka jioni?"

"Mpaka jioni."

Siku hiyo alipasua mbao kama zimemtukania mama. Saa nne akamgombeza fundi wa msasa kwa kupiga mluzi. Saa saba alikuwa ameshatafuna penseli mbili. Nilikaa kwenye stuli na daftari langu, kila akinitazama namwonyesha saa. Nikaanza pia kumhesabia kikohozi, kwa mzaha tu. Nilipofika sitini mzaha ukaniishia, nikafunga daftari.

Jioni nikaja na jibu: zaidi ya mara tatu ya kiwango. Bosi hakuitaka karatasi ya hesabu. Alitaka kuona kichujio chenyewe, akakisogeza dirishani.

"Hii ni ya siku moja?"

"Ya leo tu."

Akamtazama shemeji, aliyekuwa mlangoni anakung'uta kofia, na alivyoikung'uta hatukumwona tena mpaka vumbi lilipotulia.

"Naagiza mashine," bosi akasema. "Wiki ijayo ifungwe."

Shemeji akacheka mpaka akakohoa. Mkono ulikuwa tayari umeshafika mfuko wa shati.

"Ila nataka nijue kama inafanya kazi," bosi akaendelea. "Ikishafungwa apimwe tena huyuhuyu. Kila siku, wiki mbili."

Mkono ukasimama pale pale.

"Bosi, wengine nao si wapo?"

"Msumeno mkubwa ni wa nani?"

Bosi akaondoka zake. Shemeji akanigeukia polepole. "Haya mmeyapanga wewe na dada yako."

Nilishafungua daftari. Nilikuwa naandika tarehe za hizo wiki mbili.